Jinsi ya Kuwa Daktari wa Kuku Galula Bila Kusoma

Una kuku kumi na wanne, jogoo mwenye sauti na simu yenye bando. Vyatosha. Ni kweli, Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003 inataka anayetibu mifugo awe amesajiliwa na Baraza la Veterinari. Lakini Baraza liko mbali, na wewe uko hapa hapa, na kijiko unacho.

1. Dharau chanjo.
Chanjo ya mdondo aina ya I-2 inatengenezwa hapa nchini na Wakala wa Maabara ya Veterinari. Tone moja jichoni, unarudia kila baada ya miezi 3, basi. Hakuna sindano, hakuna koti jeupe, hakuna heshima yoyote. Mtoto wa darasa la nne anaiweza. Je, wewe ni mtoto wa darasa la nne?

Kisingizio kipo: kichupa kimoja kinatosha kuku mia na zaidi, nawe unao kumi na wanne. Kuna dawa moja ya aibu ya tatizo hilo, kubisha hodi kwa majirani, mkachanga, mkachanja kuku wenu wote siku moja. Kataa. Ukichanga na yule mama ambaye mbuzi wake walimaliza mihogo yako, utakuwa umemsamehe, na hakuna kuku wa thamani hiyo. Hata mwaka 2025 serikali ilipozindua kampeni ya kuchanja kuku wa asili bure, mwenye hadhi yake alijiuliza: cha bure nitajivunia nini? Siku ya wachanjaji, fungulia kuku alfajiri wasambae hadi mtoni.

2. Ukibanwa ukanunua, inunue vibaya.
I-2 inastahimili joto kuliko chanjo nyingine za mdondo. Usiamini, ijaribu. Iagize Mbeya, dereva aipakie Mbalizi na kuiweka mbele penye jua la kioo. Ikifika, iache juu ya bati umalizie mazungumzo. Joto la hapa Galula, Bonde la Rukwa, halihitaji kusaidiwa. Kisha chanja, ukianza na wale ambao tayari wamelegea.

3. Sasa tibu.
Kiangazi kimekolea. Manyoya yamesimama, kinyesi ni kijani, shingo imepinda. Huyo ni kirusi wa mdondo, na dawa ya kumponya kuku haipo. Furahi! Pasipo na dawa, kila mtu ni daktari. Anza na majivu na pilipili kichaa. Fuatisha shubiri. Kisha ule unga wa njano, oksitetrasaiklini, ambao hauna ugomvi wowote na kirusi lakini unapendeza kwenye maji. Malizia na vidonge alivyobakiza mkweo alipougua tumbo. Kuku mmoja akipona mwenyewe, mtembeze kijijini. Waliokufa hawatakupinga.

Duka zuri ni lile ambalo muuzaji haulizi mgonjwa ni kuku au ni wewe. Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, husajili dawa za mifugo kama za binadamu, lakini namba za usajili huchapwa ndogo na zinaumiza macho. Ukiwa na safari ya Tunduma, vuka mpaka hadi Nakonde ukanunue huko. Dawa ambayo hukuelewa maelezo yake huwa na nguvu zaidi.

4. Kuku akisimama, kata dozi.
Ya kesho itunze kwa ajili ya watoto. Vijidudu vikiizoea, hayo ni ya wajukuu.

5. Uza mayai.
Kibandiko kinataja siku za kusubiri baada ya dawa kabla ya kula mayai au nyama. Kuku hajui kusoma, anaendelea kutaga. Mpelekee mwalimu mkuu trei nzima, umwambie: "Kienyeji haya, Mwalimu, hayajui dawa." Ongeza mia mbili kwa kila yai kwa ajili ya usafi huo.

6. Wanaosinzia, safirisha.
Wapange kwenye tenga usiku, panda gari la alfajiri. Gizani kuku wote husinzia. Sheria ya Magonjwa ya Wanyama, nayo ya 2003, inataka utoe taarifa ya ugonjwa kwa bwana mifugo. Ukikutana naye stendi, msalimie kwa adabu zote, sema unampelekea shangazi zawadi. Mizoga itupe upande wa yule mama wa mbuzi.

7. Jaza banda.
Usilioshe, harufu ya ufugaji ndiyo hiyo. Wanaosema kuku wapya watengwe wiki 2 hawajui uchungu wa banda tupu. Nenda gulioni siku hiyo hiyo. Utamkuta mtu ana tenga limejaa, bei nusu, na gari linamsubiri. Lipa upesi, usimuulize anaharakia nini.