Wino wa Dai Usiodai Mtu

Kamati ya harusi ya mdogo wangu ilinipa uandishi kwa sababu moja tu: nyumbani nina printa. Nikachapa orodha ya ahadi za michango, nikaikunja kwapani, nikapanda bodaboda kwenda kikaoni Tabata. Mwezi wa nne huo, Dar es Salaam. Masika nayo ikapanda nami.

Nilipoikunjua mbele ya wajumbe, majina yote yalikuwa wingu la zambarau. Baba mdogo, ambaye kikao kilichopita alitamka laki tatu hadi akapigiwa vigelegele, akavaa miwani, akalichungulia lile wingu, akasema kwa upole, "Hapa naona elfu hamsini, mwanangu." Shangazi akaona ahadi yake imeshalipwa. Nikasema nakala ipo kwenye kompyuta. Wakanijibu kuwa kompyuta ya mwandishi si shahidi.

Kesho yake nikaenda Kariakoo. Kijana wa duka la wino akaniuliza, "Kaka, unatumia dai au pigimenti?" Nikamwambia sidaiwi na mtu. Akacheka, akanielimisha bila malipo. Wino wa dai rangi yake imeyeyuka majini kama sukari kwenye chai. Huzama ndani ya karatasi, hung'aa vizuri, lakini maji yakija tena huondoka nayo. Jua nalo huifubaza: ndiyo maana ile picha ya kipaimara pale dirishani kwetu imebaki na watoto wasio na sura. Pigimenti ni chembe ngumu ndogo mno zinazoelea. Hukaa juu ya karatasi, zikikauka hazisumbuliwi na mvua, na jua huchukua muda mrefu kuzipausha. Akaongeza jambo kuhusu kuangalia kwanza printa imetengenezewa wino gani. Hapo mimi nilikuwa nahesabu chenji.

Printa yangu ilikuwa ya dai, rangi zote nne. Nikamimina pigimenti nyeusi juu ya mabaki ya dai, nikajipongeza. Siku kumi baadaye ikatoa pundamilia. Matundu ya kichwa cha printa ni membamba kuliko unywele, na wino wangu mchanganyiko ulikuwa umeganda humo kama ugali wa jana. Nikabonyeza kusafisha kichwa, mara ya kwanza, ya pili, ya sita. Hakuna aliyeniambia kwamba kusafisha kwenyewe kunakunywa wino. Nilipofika ya saba tangi lilikuwa tupu na pundamilia wangu alikuwa amebakiwa na mstari mmoja.

Nikahamia kwa jirani, ambaye printa yake ni ya pigimenti tupu. Nikachapa picha ya bibi harusi mtarajiwa kwenye karatasi ya kung'aa, ile ya bei rahisi, ambayo pigimenti haiipendi: wino ulikaa juu tu bila kushika. Kikaoni baba mdogo akaipokea kwa mapenzi makubwa, akampapasa mkwewe shavuni, akamfuta nyusi.

Orodha safari hii niliiandika kwa biro kwenye kaunta buku, kila mtu aweke sahihi. Baba mdogo akasema macho hayaoni vizuri usiku, akabonyeza dole gumba lililojaa nyusi mbele ya jina lake: elfu hamsini.

Nyumbani nilijaribu kuifuta alama ile kwa maji. Haitoki.