Jambo Gani Tena?

Mjukuu wangu amejiunga na skauti, na tangu hapo nyumba yangu hapa Malindi haina raha. Mafundo nimeyazoea; hata kamba ya kuanikia nguo ishafungwa hadi haifunguki. Kinachonichosha ni maneno.

"Babu, unajua jamborii imetokana na Kiswahili? Ni jambo!"

Nikamwambia aketi. Nani hapa pwani kakuamkia "jambo"? Utaulizwa hujambo, ujibu sijambo. "Jambo" tupu ni la vijana wa ufukweni, wakimwona mgeni anashuka tuktuk kwenda kupigia picha Nguzo ya Vasco da Gama. Na akiwa Mwitaliano, hata wao wanamwambia "ciao". Hujambo ni huna jambo, huna la kukusumbua. Ondoa hiyo "hu" uone kilichobaki: sumbuo lenyewe! Sasa Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, alipowakusanya skauti kama 8,000 kwenye jamborii pale Olympia, London, mwaka 1920, aliwaalika kwenye balaa? Wamarekani walikuwa nalo neno jamborii tangu karne ya 19, kwa maana ya shangwe na vurumai. Baden-Powell mwenyewe alikuja kuishi Kenya uzeeni, akafia Nyeri 1941. Laiti angeteremka hadi kwetu, tungemweleza.

Kesho yake kaja na Akela. Ndivyo wanavyomwita kiongozi wa skauti wadogo, jina la mbwamwitu wa kwenye kitabu cha Kipling. Nikalibeba hadi kwa Mhindi wa duka la vitambaa, nilikokwenda kununua skafu yake ya skauti kwa bei ya leso pea nzima. Mhindi akacheka hadi akaweka chini futi. "Mzee, akela kwetu ni peke yake." Kundi zima la watoto, na kiongozi wao ni Bwana Pekeyake!

Ile pete ya kubania skafu nayo ati ni "woggle". Ukilitamka utadhani unasukutua. Sikununua, nimemchongea ya kifuu cha nazi, na tunaiita pete.

Jana katoka mazoezini, akanijia mbio kunipa mkono. Wa kushoto. Nikautazama, naye akautazama.

"Ndiyo salamu ya skauti, babu."

Mkono huo kwetu una kazi yake, na si ya kusalimia wazee. Nikaficha wangu ndani ya kanzu.

"Mwanangu," nikamwambia, "afadhali uniamkie jambo."