Mwanamichezo wa Kihispania Asiyetoka Jasho

Umealikwa chakula cha mchana Madrid. Supu haijapoa, watu wameshaanza kusimuliana mazoezi yao, na wewe mara ya mwisho ulikimbia ulipokuwa unawahi basi. Tulia, rafiki. Utatoka hapo na sifa kamili.

1. Wahi kuuliza. Anayeuliza hajibu. Sema “¿Haces ejercicio?”, yaani unafanya mazoezi?, kisha nyamaza. Kama ni baba mkwe mtarajiwa, mpe heshima yake: “¿Hace usted ejercicio?” Ukimpata mcheza pádel umepona. Atakueleza uwanja wenye kuta za vioo, wachezaji wanne, mpira uliogonga kioo ukarudi, na nani aliukosa. Wewe itikia “¡Qué bien!”, vizuri sana, na uendelee kula. Akielekea kunyamaza, mchochee: “¿Cuántas veces a la semana?” Atakutajia mara ngapi kwa wiki, na ataongeza mbili za uongo. Usimbane. Zamu yako inakuja.

2. Ukibanwa, kimbilia zamani. “Antes corría mucho.” Zamani nilikuwa nakimbia sana. Nani atakwenda kuhakiki? Ila usithubutu kusema “corrí”. Hiyo ni mbio moja iliyokwisha, na mjuaji mmoja mezani atataka kujua ilikuwa wapi na ulitumia dakika ngapi.

3. Usitaje bustani ya karibu. Ukisema “Suelo correr por el Retiro”, kwamba una kawaida ya kukimbia pale, umejichongea. Bustani ya Retiro ina hekta zaidi ya 100, lakini haitoshi kukuficha. Mwenyeji wako ana raba mlangoni na kesho saa moja asubuhi atakugongea.

4. Leta ushahidi wa maumivu. Hii ndiyo silaha yangu ninayoipenda. Unapoinuka kitini, shika paja, kunja uso, vuta pumzi kwa meno, sema “Tengo agujetas”. Ndiyo misuli inayouma siku ya pili baada ya mazoezi, na kila aliyepo anaijua. Usieleze umeipataje, wacha wakuonee huruma wenyewe. Pengine bibi wa nyumba atakuletea maji ya sukari, dawa ya wazee. Hayatibu, lakini kunywa. La muhimu ni kukumbuka umeshika paja lipi. Wengi wameumbuka kwa kuchechemea mguu wa pili wakati wa kahawa.

5. Tamani hadharani. Cheti cha hija ya Santiago de Compostela hupewa aliyetembea angalau kilomita 100, ndiyo maana wengi huanzia Sarria, kilomita mia na ushee kutoka huko. Wanajua hesabu, masikini, ila wanatembea kweli. Wewe sema “Quiero hacer el Camino”, nataka kufanya hija hiyo. Kutaka hakuleti malengelenge.

6. Wakikualika San Silvestre Vallecana, zile mbio za kilomita 10 za jioni ya 31 Desemba, usikatae. Sema “El lunes empiezo”, naanza Jumatatu, wala usiseme Jumatatu ipi. Siku ikifika, agujetas zirudi. Kisha uliza baa gani watakwenda kunywa caña, glasi ndogo ya bia, wakimaliza, uwatangulie, ukawashikie meza.