Pilau Kabla ya Ndoa

Jana baada ya magharibi, ukoo mzima ulijaa sebuleni kutazama picha kwenye runinga. Bi harusi akaanza kwa kulia akiagwa. Akakata keki. Ukoo ukala pilau. Kisha bwana harusi akatokea kwa kinyozi, povu kidevuni, na mwisho kabisa akaingia msikitini kufunga ndoa.

Shangazi mtu akavua miwani. "Mwanangu, harusi hii uliipiga picha au uliiota?"

Wote wakacheka isipokuwa mama wa bwana harusi. "Kumbe keki ililiwa kabla ya kuozwa," akanong'ona, nong'ono la kusikika hadi barabarani.

Usiku wa kuamkia jana nilichukua picha ghafi za kamera mbili, yangu na ya msaidizi, nikazigeuza kuwa JPEG kwa programu ya bure, nikalala. Programu ikazitoa zote zikiwa na tarehe ya usiku ule ule. Runinga ikazipanga kwa namba za faili, na kila kamera ina hesabu yake.

Sasa ngoja nikueleze, maana hapa ndipo penye utamu. Kila picha huzaliwa na cheti ndani ya faili lake. Utaratibu wa cheti hicho unaitwa Exif, ulitoka Japani mwaka 1995. Humo mna lenzi, kasi ya shata, ISO, hata namba ya kusema kamera ilishikwa wima au ililazwa. Tarehe na saa vyote huenea katika baiti 20. Salamu zetu tu haziwezi kuenea humo. Halafu kuna kifuko cha maelezo ya mtengenezaji, ambacho kila kampuni hujiandikia kwa mafumbo yake. Mara nyingi vitu vya humo huelekezwa kwa kuhesabu baiti tangu mwanzo wa faili, kama tunavyoelekezana uswahilini: nyumba ya tatu kutoka msikitini. Ukigeuza faili ovyo, umehamisha msikiti. Maelekezo ni yale yale, ila mgeni anapiga hodi chooni kwa watu. Programu makini huhesabu nyumba upya. Programu mvivu hutupa cheti chote.

Yangu ilitupa. Na uvivu ningeusamehe; kinachoniuma ni kwamba iliniuliza mara mbili kama kweli nataka kuifunga, lakini kufuta saa ya watu kuoana haikuniuliza hata mara moja. Cheti hicho ndicho kilichobeba jina langu pia. Picha yangu ya mwaka jana iko kwenye bango la saluni, bila jina, bila senti, na hakuna anayeona kwamba nimeibiwa.

Usiku nikashusha ExifTool, programu iliyoanzishwa na Phil Harvey mwaka 2003. Picha ghafi bado nilikuwa nazo. Amri moja ikanakili vyeti vyake hadi kwenye JPEG.

Picha za watoto zikalala ubavu: programu ya kwanza ilikuwa imeshazisimamisha wima, na cheti kikaamuru zigeuzwe tena.



Na pilau bado ilitangulia: msaidizi wangu alitega saa ya kamera kwa Kiswahili, saa kumi jioni akaandika 10:00. Nikamwongezea saa sita.

Shangazi amesema salio langu nilifuate kesho saa nne. Sikuthubutu kuuliza kama ni saa nne ya ukutani au ya kamera.