Mhadhara wa Bure Gongoni: Namna ya Kuwa Mshambuliaji wa Hoki ya Barafuni

Mheshimiwa mwenyekiti wa mtaa, wazee wangu wa kijiwe cha kahawa, mama zangu mliokuja mkidhani leo kuna mgao wa mbegu, na ninyi vijana mliopaki bodaboda zenu chini ya mwembe huu: wakubwa shikamooni, wadogo marahaba, hata kama hamjaniamkia.

Nasimama mbele yenu kwa wadhifa wangu wa Mtaalamu Mkuu wa Hoki ya Barafuni, Kanda ya Magharibi. Wadhifa huu sikupewa na mtu. Nilikuta kiti kitupu, nikaketi. Mahasidi wanaeneza kwamba sijawahi kukanyaga barafu. Ni kweli, wala sioni haya. Anayeijua barafu kwa miguu huishia kuanguka. Anayeijua kwa kichwa hutoa mihadhara.

Vijana wa Gongoni, mmeambiwa tatizo la ajira ni mtazamo. Mmeitwa kwenye semina, mmeambiwa mfuge kware, mlime vanila, muuze sarafu za mtandaoni. Wale walimu wenu walikosa upeo. Mimi nakuja na fursa ambayo hapa Tabora haina mshindani hata mmoja.

Tuanze na misingi. Timu huwa na watu sita uwanjani: kipa, mabeki wawili na washambuliaji watatu, yaani senta na mawinga wake wawili. Wanavaa viatu vyenye chuma chembamba chini, wanashika fimbo, wanagombea kisahani cha mpira mgumu chenye unene wa sentimita 2.54 na uzito wa gramu 160 hivi. Kisahani hicho hugandishwa kabla ya mechi ili kisidundedunde. Mechi ina vipindi vitatu vya dakika 20. Lakini sikilizeni siri ya kazi yenyewe: mshambuliaji hukaa barafuni sekunde 45 hivi, kisha huruka ukuta akaketi benchini, na mwenzake anaingia huku mchezo ukiendelea. Sekunde 45! Kisha maji, taulo, na kutazama wengine wakihangaika. Kwa kazi hiyo, ligi kuu ya Amerika ya Kaskazini, NHL, msimu wa 2025–26 ilimlipa hata yule wa mwisho kabisa si chini ya dola 775,000. Naona bodaboda mmoja amezima injini. Karibu, mwanangu, sogea mbele.

Nyinyi wazee nanyi msikate tamaa. Mrusi Alexander Ovechkin, winga wa kushoto wa Washington Capitals, alifunga bao lake la 895 tarehe 6 Aprili 2025 akiwa na miaka 39, akampita Wayne Gretzky aliyekuwa ameshikilia rekodi ya mabao ya NHL tangu mwaka 1994. Gordie Howe alicheza NHL mpaka mwaka 1980, akiwa na umri wa miaka 52. Mzee wangu uliyekohoa hapo nyuma, una nafasi.

Sasa nifike kwenye ugunduzi wangu, ambao vyuo vikuu vimekataa kujibu barua zangu kuuhusu. Katika hoki ya barafuni uwanja umegawanywa kwa mistari miwili ya bluu. Mshambuliaji haruhusiwi kuuvuka mstari wa bluu wa adui kabla ya kisahani. Akitangulia, ameotea, na mchezo unasimamishwa. Wakanada wanadhani wamebuni wao. Nendeni mkasome alichoandika Mwingereza Richard Burton, aliyefika hapa Unyanyembe na mwenzake Speke mwaka 1857, enzi mji ukiitwa Kaze. Anaeleza kwamba mbele ya msafara alitembea kirangozi, yaani kiongozi wa njia, amevaa joho jekundu na manyoya kichwani, na hakuna mpagazi aliyeruhusiwa kumtangulia. Aliyemtangulia alichomolewa mshale kwenye podo lake, uwe ushahidi wa kumtoza faini jioni kambini. Mshale mmoja! Hiyo ni nini kama si kuotea? Wanyamwezi walibeba pembe za ndovu mpaka Bagamoyo, kwa ujira, kwa mkataba, kwa miezi kadhaa, wakiwa na nidhamu ya mstari ambayo NHL ilikuja kuinakili. Dai hili nalitoa bila woga, kwa kuwa hapa hakuna Mkanada.

Mtaniuliza: je, kuna mtu wa kwetu aliyefika huko? Yupo. Anaitwa Bokondji Imama, winga, amezaliwa Montreal mwaka 1996 na wazazi waliohamia kutoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Kongo iko ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Ziwa liko Kigoma. Kigoma kuna reli. Reli inapita Tabora. Gongoni ni Tabora. Hesabu imefungwa, Imama ni mtoto wa hapa.

Kijana huyu mtaani kwetu tungesema alisota. Timu ya Tampa Bay Lightning ilimchagua katika uteuzi wa wachezaji chipukizi wa NHL mwaka 2015, akiwa wa 180, wakati wenye majina makubwa walishaondoka na kofia zao. Mechi yake ya kwanza ya NHL aliicheza Aprili 2022, akiwa na Arizona Coyotes. Miaka saba ya mabasi na ligi ndogo. Na Januari ya mwaka huohuo, katika ligi ya chini ya AHL, mchezaji wa timu pinzani alimfanyia ishara ya nyani mbele ya watu. Ligi ilimfungia mpinzani yule mechi 30. Hapa, ndugu zangu, mhadhiri wenu anaomba asifanye mzaha. Imama aliendelea kucheza.

Kabla yake alikuwepo Willie O'Ree, naye winga, mtu mweusi wa kwanza katika NHL, aliyeingia uwanjani na Boston Bruins tarehe 18 Januari 1958. Kisahani kilikuwa kimemharibu jicho la kulia akiwa kijana, na aliificha habari hiyo ili asikataliwe. Mechi 45 za NHL kwa jicho moja. Kwa hiyo anayesema hawezi kwa sababu hana viatu, aketi.

Nimesikia sauti ya bibi pale kwenye mkeka: "Mjukuu wangu, hiyo barafu yenyewe iko wapi?" Bibi, swali lako ni la kukatisha tamaa, lakini kwa heshima ya mvi zako nitalijibu. Barafu hutengenezwa. Unamwaga sakafu ya zege yenye mabomba, unapitisha humo kimiminika cha baridi chini ya sifuri, unanyunyiza maji tabaka kwa tabaka mpaka yafike unene wa sentimita tatu hivi, kisha unahakikisha umeme haukatiki. (Kicheko kirefu. Nakichukulia kama makofi.)

Majirani zetu wameweza. Nairobi, kwenye Barabara ya Mombasa, Hoteli ya Panari ilifungua uwanja wa barafu mwaka 2005. Ulijengwa kwa watalii na watoto wa wenye nafasi kuteleza Jumapili, lakini hapo ndipo ilipozaliwa timu ya Kenya Ice Lions. Uwanja ni mdogo kuliko ule wa mashindano. Kwa miaka mingi hawakuwa na timu nyingine ya kucheza nayo, ikabidi wajigawe wacheze wenyewe kwa wenyewe. Mwaka 2018 kampuni ya kahawa ya Kanada, Tim Hortons, iliwasafirisha mpaka kwao wakacheza na timu ya wazimamoto, na ghafla Sidney Crosby na Nathan MacKinnon, washambuliaji wawili wakubwa wa zama hizi, wakavaa jezi za Kenya na kuingia upande wao. Mwaka 2024 Shirikisho la Kimataifa la Hoki ya Barafuni likaipokea Kenya kuwa mwanachama mshiriki.

Mmeona mantiki? Kahawa ndiyo iliyowapeleka. Na sisi hapa kijiweni tuna nini? Birika, vikombe na kashata! Mdhamini tunaye, amekaa pale anakung'uta majivu, hajijui tu.

Naambiwa vijana wale wa Nairobi hawalipwi, kila mmoja ana kazi nyingine ya kumpatia ugali, na mazoezi huyafanya jioni wakishatoka kazini. Hilo halikuwemo kwenye tangazo langu, na sioni sababu ya kulirefusha.

Nahitimisha. Wanaotaka kujiunga wataandika majina kwa karani wangu. Kuingia kwenye mhadhara huu kulikuwa bure, kama tangazo lilivyosema. Kutoka ni shilingi elfu mbili, na cheti cha mshambuliaji ni elfu tano juu yake. Tafadhali msisukumane pale getini, na anayetoka asimtangulie karani.