Kila Kitu Kinakimbia

Waingereza nimewasamehe mengi, ila hili la "run" siwezi. Neno lenyewe lina herufi tatu. Ukiliona unadhani ni la watoto wa chekechea: "run", kimbia, basi, tukale. Kumbe mle ndani maana zimebanana kama abiria wa Hiace ya jioni inayopanda Kidia.

Mjukuu wangu yuko kidato cha kwanza. Shule ya msingi amesoma hesabu, sayansi na kila kitu kwa Kiswahili, kisha Januari akavuka geti la sekondari akakuta hata samadi inafundishwa kwa Kiingereza. Jioni ananifuata barazani na daftari lake.

"Babu, pua inakimbiaje?"

Nikamwambia pua haikimbii, inatoka kamasi. Akanionyesha. Kwa Kiingereza inakimbia. Bomba nalo linakimbia. Rangi ya kitenge kikifuliwa inakimbia. Mashine ya kumenya kahawa inakimbia, na huku imefungwa kwa nati sakafuni. Ukikutana na shemeji yako bila kutarajia pale sokoni Kiboriloni, eti umekimbia ukaingia ndani yake, jambo ambalo kwetu lingeitishiwa kikao cha ukoo na pipa zima la mbege. Na ukiishiwa sukari? Mtoto aliandika "Tumekimbia nje ya sukari", mwalimu akamkata alama. Mimi ningempa zote. Si ndivyo maneno yenyewe yanavyosema?

Sarufi yake ndiyo usiguse. Leo ni "run", jana ni "ran", nikajua sasa limeondoka. Hapana. Ukitaka kusema umekwisha kukimbia, linarudi "run" lilelile, halioni hata haya.

Wala si mimi peke yangu niliyechoshwa. Kamusi kubwa ya Oxford ilipokamilika mwaka 1928, kitenzi kilichokula nafasi kuliko vyote kilikuwa "set". Toleo jipya lilipoanza kuandaliwa, mhariri mmoja, Peter Gilliver, akafungiwa na "run" yapata miezi tisa akizipanga maana zake. Akatoka na 645. Wenzake kwa miezi hiyo hiyo wanapata mtoto mmoja na wanapongezwa.

Lililonifurahisha kidogo ni la uchaguzi. Mmarekani akiutaka urais, anakimbia. Mwingereza akiutaka ubunge, anasimama. Lugha moja hiyo! Sisi tunagombea, na neno letu angalau halimfichi mtu kinachoendelea.

Kisha likaja la treni. Daftarini kulikuwa na sentensi kwamba "The train runs every day", na mwalimu kawaeleza kuwa hiyo ni hali ya mambo ya kawaida, ya kila siku. Hapo nikaweka kikombe chini. Sisi wa huku mlimani kuitwa Old Moshi ni kwa ajili ya treni. Reli ya kutoka Tanga ilifika kule bondeni mwaka 1911, mji ukaota kwenye stesheni, ukachukua jina letu, nasi tuliokuwa nalo tangu enzi za mtawala wetu, Mangi Rindi, tukaongezewa neno la kututambulisha kuwa wakuukuu. Haya, tukavumilia. Treni yenyewe ya abiria ikaja kupotea zaidi ya miaka ishirini, ikarejea Desemba 2019. Nikamwambia mjukuu aandike "The train ran", halafu aache mistari kadhaa mitupu ndipo aendelee.

Mjini nako kuna nyumba ya wageni imebandika kibao kujisifia kwamba ina "running water". Maji ya mfongo, mfereji wetu wa jadi, yanapita kihambani kwangu tangu mababu walipouchimba, wala hatujabandika chochote. Yanakwenda kwa zamu, na zamu ina wenyewe. Jaribu kufungulia maji siku isiyo yako, ndipo utajua ni nani hasa anakimbia.

Maana moja tu ya neno hili ninaikubali, ya miguu. Kila mwaka, Februari ikielekea kwisha au Machi ikiingia, watu wanatoka nchi za mbali kuja kwenye Kilimanjaro Marathon, wanakimbia kilomita 42 na ushei, tena wamelipa kiingilio. Hata hapo sijaelewa ni nani anayewafukuza, ila walau miguu inaonekana.

Zoezi la mwisho lilikuwa kutunga sentensi yenye "run" kwa maana ya kusimamia na kuendesha mambo. Nikafurahi, hili naliweza. Nilikuwa karani enzi za ujana wangu, Kiingereza cha ofisini ninacho. Nikamtungia: "My grandfather runs the farm." Fupi, safi, haina kosa. Akaitazama, akaitazama tena, akachukua kifutio. Alipomaliza ikasomeka: "My grandmother runs the farm, the house and my grandfather."

Nikamweleza kwamba mwalimu anapima Kiingereza, hapimi nyumba za watu. Akasema mwalimu amesisitiza sentensi ziwe za kweli. Daftari limerudi na alama ya vema kubwa nyekundu, na pembeni pongezi. Mwalimu huyo hajawahi kukanyaga kwetu. Nataka kumjua aliyempelekea habari.