Hotuba kwa Wageni wa Farasi Ambaye Hajafika

Waungwana wa Mji wa Kale, wazee wa baraza za Kibokoni, akina mama mliotoka Makadara kwa tuktuk, na nyinyi vijana mliokuja kwa kuwa mmesikia pana kahawa na haluwa: nasimama mbele yenu nikiwa mtaalamu mkuu wa adabu za wageni katika vituo vya tiba ya kupanda farasi, kisiwani Mvita kote. Cheo hiki sikupewa na mtu, kwani hapakuwa na mtu mwenye elimu ya kutosha kunipa. Nasikia mnanong'ona kwamba kisiwani hapana kituo cha namna hiyo hata kimoja, na kwamba anayetaka kupanda mnyama huvuka daraja la Nyali akaenda Pirates kupanda ngamia wa watalii. Pingamizi hilo ndilo linalonipa kazi. Kanuni za wageni huandikwa kabla mgeni hajapigwa teke. Zikiandikwa baadaye, huitwa ripoti.

Hoja yangu ni moja, nayo haitawapendeza: katika uwanja wa tiba, kiumbe wa hatari ni mgeni. Wapimeni waliomo mle mmoja mmoja. Farasi amechaguliwa kwa upole wake na kufunzwa asishtuke ovyo. Mpandaji, tuseme ni mtoto mwenye mtindio wa ubongo, ana kofia ngumu kichwani, mtu wa kumwongoza farasi mbele na, akihitaji, msaidizi kila ubavu. Mtoto yuko kazini, hakuja kutembezwa. Hatua za farasi humsukuma nyonga mbele na nyuma, kushoto na kulia, juu na chini, karibu sawa na zinavyocheza nyonga za mtu atembeaye kwa miguu yake, na misuli ya kiwiliwili hulazimika kutafuta mizani kila hatua. Sasa anatokea ami yake, hana kofia, hana mafunzo, ana simu. Anapaza sauti: "Mwanangu, tazama huku!" Mtoto anageuka, mizani inakwenda, wasaidizi wanahangaika, naye ami analalamika kwamba picha imetoka na ukungu.

Elimu ya macho ya farasi ni fupi. Yamewekwa pembeni mwa kichwa, kwa hiyo huona karibu pande zote, ila mbele kabisa ya paji la uso na nyuma ya mkia wake. Anayemjia kwa nyuma hana sura wala jina, ni kishindo tu, na mnyama aliyeumbwa kukimbia simba hangoji kujulishwa. Basi mjie kwa ubavu, usawa wa bega la kushoto, ambako amezoeshwa kushughulikiwa, nawe utangulize sauti. Haya mnayafanya kila siku bila kujua kuwa ni sayansi! Hamali mwenye mkokoteni uliojaa madumu ya maji hapiti vichochoro vya Ndia Kuu kimyakimya, hupiga ukelele wa "Sumile!" watu wakajibana ukutani. Mlangoni mwa mtu hupigwa hodi mara tatu, na asipoitikiwa mtu hurudi alikotoka, hachungulii dirishani. Masikio ya farasi yakilala nyuma, elewa kuwa hodi yako haikuitikiwa.

Ushahidi wa kale pia ninao. Ibn Battuta alipopita Mombasa mwaka 1331 aliandika kwamba milangoni mwa misikiti palikuwa na kisima na chombo cha kutekea, na kwamba aingiaye huosha miguu, akaifuta kwenye jamvi gumu. Mtasema alikuwa akieleza msikiti, si zizi. Najua. Lakini maradhi ya farasi husafiri kutoka zizi hadi zizi yakiwa yamenata kwenye soli, na mji uliomwosha mgeni miguu miaka mia saba iliyopita hauwezi kununa ukiambiwa upanguse viatu. Nimesema viatu, si champali: farasi ana uzito wa kilo mia nne au tano, na akikukanyaga kidole haombi radhi.

Tatizo letu kubwa zaidi ni ukarimu. Mtu wa Mombasa hawezi kuona mdomo mtupu. Ataleta viazi karai, ataleta mabuyu ya rangi, ataleta kashata, na asipozuiwa atamiminia ukwaju. Farasi hawezi kutapika; kilichoingia tumboni hakina njia ya kurudi, na msokoto wa tumbo humuua. Tena hakioni kilicho chini ya pua yake, hukipapasa kwa midomo na sharubu, hivyo kidole na karoti kwake ni ndugu. Mwenye kituo akikuruhusu umlishe, tandaza kiganja kiwe bapa. Asipokuruhusu, kula kashata yako mwenyewe.

Linakuja jambo la huruma, hapa sitanii. Kuna wageni wanaosimama kando ya uzio wakiguna "masikini ya Mungu" kila mtoto anapopita, wakidhani wanatoa sadaka. Ibara ya 54 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kuheshimiwa na kutajwa kwa namna isiyomdhalilisha, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka idhini ya mzazi kabla taarifa za mtoto, picha ikiwemo, hazijatumiwa. Lis Hartel wa Denmark, ambaye polio ilimpoozesha miguu chini ya magoti, alisaidiwa kupanda na kushuka farasi, na kati ya kupanda na kushuka akatwaa nishani ya fedha katika Olimpiki ya Helsinki mwaka 1952, akishindana na wanaume. Anayeguna atafute pahali pengine pa kugunia.

Mzee mmoja hapo nyuma ananyanyua bakora, atauliza farasi na watu wa bahari wana uhusiano gani. Mwaka 1840, miaka 3 baada ya kuitia Mombasa mkononi, Sultani Sayyid Said wa Omani na Zanzibar alipeleka jahazi lake Sultana hadi New York, na miongoni mwa zawadi kwa Rais Van Buren wa Marekani walikuwamo farasi wawili wa Kiarabu. Rais alizuiwa na sheria za nchi yake asiwapokee. Pwani hii, basi, ilishughulika na adabu za farasi mapema, tena kimataifa.

Wengine watauliza kama mimi mwenyewe nimewahi kupanda farasi. Mkunga mwanamume haulizwi amezaa mara ngapi. Sasa nitapokea maswali, kwa sauti ya chini, kutoka upande wa kushoto.